Karanga, Korosho na Kipimo cha Usimamizi



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wameandika habari za mavuno, za bei na za maghala. Sisi tumepewa sehemu ya historia. Tumeona si vema kuijaza majina ya wenyeviti na tarehe za mikutano, kwani hayo yote yamo katika mihutasari, na kila mwanachama ana haki ya kufika ofisini kuisoma. Twapenda kueleza jambo lisiloandikwa mara nyingi, nalo ni uwezo wa watu kusimamia mradi tangu siku ya kuuwaza hata siku ya kuutolea hesabu.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni wazi. Mkutano Mkuu ujao utaletewa shauri la kujenga kiwanda cha kubangua korosho, na fedha zitakazotajwa siku hiyo ni nyingi kuliko fedha zozote tulizopata kuzishika kwa mradi mmoja. Kabla mwanachama hajainua mkono wake, yafaa ajue kwamba nchi hii ya kusini imekwisha kuletewa miradi mikubwa zaidi ya mara moja, na ajue yaliyoipata.

Na tuanze na karanga. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, watu wa Uingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka wa 1946, Bw. Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, aliipelekea Serikali ya nchi yake shauri la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ikatuma tume ya watu watatu chini ya Bw. John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo katika nchi hii. Tume ile ilizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi, na sehemu kubwa ya nchi iliitazama kutoka katika ndege. Iliporudi ilipendekeza zilimwe eka 3,210,000, zikatwe mashamba ya eka 30,000 kila moja, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Sehemu kubwa ya mashamba hayo yalikuwa yawe Tanganyika: Kongwa katika Jimbo la Kati, Urambo upande wa magharibi, na huku kwetu kusini, Nachingwea.

Msomaji atazame jambo moja katika mpango huo. Haikuwekwa hata misimu miwili ya kujaribu. Mkulima yeyote wa kijiji, akipewa mbegu asiyoijua, huipanda kwanza katika kipande kidogo karibu na nyumba yake, akaitazama. Mpango wa karanga haukufanya hivyo. Kongwa palichaguliwa kwanza, na Kongwa ni nchi ya Wagogo, watu walioijua njaa ya ukame tangu mababu zao. Ujuzi wao haukuingia katika hesabu. Udongo wa huko una mchanga unaokula vyuma vya majembe, na mvua ikiondoka hukauka ukawa mgumu kama tofali, hata karanga zisiweze kung'olewa. Matrekta mengi yalikuwa yametumika vitani, nayo yalifika kabla karakana ya kuyatengeneza haijawa tayari. Mwaka wa 1947 ilikusudiwa zisafishwe eka 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Walakini habari inayotuhusu zaidi sisi watu wa ushirika haimo katika udongo wala katika mvua. Imo katika vitabu vya hesabu. Mwaka wa 1948 mradi ulitolewa mikononi mwa kampuni ya United Africa, ukapewa shirika jipya la Serikali ya Uingereza. Mwaka wa 1949 hesabu za shirika hilo zilipokaguliwa, wakaguzi walitamka wazi kwamba hawakuweza kuthibitisha kuwa vitabu vilikuwa vimetunzwa ipasavyo. Mamilioni ya pauni yalikuwa yakitumika, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika yamekwenda wapi. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulikomeshwa. Hasara iliyofutwa ilikuwa pauni milioni 36 hivi, yaani zaidi ya gharama yote iliyokisiwa kwa mpango mzima, na karanga hazikuonekana.

Kwetu kusini mradi uliacha vitu viwili. Kimoja ni bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, ambayo hata leo meli za korosho hutia nanga. Cha pili kilikuwa njia ya reli kutoka pwani hadi Nachingwea, iliyojengwa ili kubeba karanga. Reli isiyo na mzigo haiwezi kujilisha. Mwaka wa 1962 ilifungwa, kisha vyuma vyake vikang'olewa.

Wapo wanaosema kwamba Waingereza wale walikuwa wajinga, nasi hatukubali. Miongoni mwao walikuwamo mainjinia hodari na maofisa wa jeshi waliozoea kuhamisha maelfu ya watu na mizigo. Kilichokosekana ni kitu ambacho ushujaa wa mtu mmoja mmoja hauwezi kukijaza: utaratibu wa kazi unaomlazimu mkubwa kusikia habari mbaya mapema, na kuzipima kwa tarakimu. Mtu hodari katika kazi isiyo na utaratibu huongeza tu mwendo wa kuelekea shimoni.

Sasa tuhamie kaskazini kidogo, kwa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, maana wao walianzia upande mwingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakulima wa huko walikuwa na malalamiko juu ya mizani za wafanyabiashara waliokuwa wakinunua pamba yao. Ndipo Bw. Paul Bomani na wenzake walipoweka wapimaji wao wenyewe, watu waliosimama penye mizani kuhakikisha uzito wa mkulima. Angalieni udogo wa mwanzo ule. Hawakuanza kwa kutaka kiwanda. Walianza kwa kujua kusoma mizani na kuandika namba sahihi katika daftari mbele ya macho ya mwenye mali. Kutoka hapo wakaunda vyama vya msingi vilivyoandikishwa kisheria tangu mwaka 1953, na mwaka 1955 wakaviunganisha katika chama kikuu cha Victoria Federation of Co-operative Unions. Viwanda vya kuchambua pamba vilikuja baadaye, baada ya watu kujua kupima, kulipa, kukopa na kulipa deni. Mwaka wa 1960 ulipofika, pamba ya kanda ile ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika.

Hatutaki kuwasifu kupita kiasi. Baada ya Uhuru, vyama vya ushirika nchini viliongezeka upesi mno. Mwaka wa 1961 vilikuwa zaidi ya 800, na kufikia katikati ya miaka ya sitini vilikuwa vimekaribia mara mbili ya idadi hiyo. Chuo cha Ushirika cha Moshi, ambacho siku hizi ni Chuo Kikuu cha Ushirika, kilikuwa ndiyo kwanza kimefunguliwa mwaka 1963, na hakikuweza kufundisha makatibu kwa kasi ile ile. Mwaka wa 1966 Rais aliunda kamati maalum kuchunguza ushirika na bodi za masoko. Kamati ilikuta wizi na upendeleo, na hayo watu wengi huyakumbuka. Lakini ilikuta pia watumishi wasio na ujuzi wa kazi waliyopewa, na wanachama wasiojua kwamba chama ni mali yao na kwamba wana haki ya kuuliza. Maoni yetu ni kwamba neno hili la pili ndilo mama wa lile la kwanza. Mwizi hukaa kwa raha mahali ambapo hakuna ajuaye kusoma hesabu.

Turudi nyumbani, kwenye korosho. Hapa twaomba msomaji asome polepole, kwa kuwa mfano huu unafanana na shauri lililo mbele yetu.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho karibu tani 145,000. Nyingi kati yake zilikwenda India zikiwa ghafi, zikabanguliwa kwa mikono ya watu wa huko, zikauzwa ng'ambo kwa faida yao. Haikuwa vigumu kuona kwamba faida ile ingeweza kubaki hapa. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia ya mwaka 1974 na 1978, na kwa mashine za Italia na Japani, vikajengwa viwanda vikubwa, vingi vyavyo katika mikoa hii ya kusini. Mwishowe nchi ilikuwa na viwanda kumi na viwili vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka.

Wazo lilikuwa zuri, nasi twalisema bila kusita. Lakini mpango ulisimama juu ya tarakimu ya msimu mmoja mwema. Wakati mainjinia wakimwaga zege, watu walikuwa wakihamishwa katika vijiji vya ujamaa, na mikorosho mingi ikabaki mbali porini bila wa kuipalilia wala kuokota. Sehemu ya bei iliyomfikia mkulima ikapungua mwaka hata mwaka. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na ununuzi wa mazao ukawekwa mikononi mwa mamlaka za Serikali. Havikurudi mpaka baada ya sheria mpya ya mwaka 1982. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia mashambani. Hata viwanda vya mwisho vilipokamilika, mavuno yalikuwa yamekwisha kushuka chini ya nusu, na mwaka 1986/87 hayakufika tani 20,000. Mashine nazo zilivunja viini vingi kuliko mikono ya wabanguaji wa India, na kiini kilichovunjika hakipati bei ya kiini kizima. Viwanda vikafungwa, kimoja baada ya kimoja. Baadhi yavyo leo ni maghala, na wanachama wetu wengine wamepata kulaza humo magunia yao wakisubiri mnada, pengine bila kujua kwamba jengo hilo lilijengwa kwa kazi nyingine.

Je, nani alikuwa na wajibu wa kusimama mwaka 1977 au 1978 na kusema, "Korosho zinapungua, tupunguze viwanda"? Takwimu za mavuno zilikuwa zikiandikwa kila msimu. Zilikuwapo katika majalada. Lakini mpango uliokwisha kuanza haukuwa na mlango wa kuingiza tarakimu hizo. Ni lile lile la Kongwa, miaka thelathini baadaye, kwa zao jingine na kwa viongozi wengine.

Zao lenyewe lilifufuka, kwa salfa, kwa miche bora ya watafiti wa Naliendele, na kwa jasho la wakulima. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwa korosho msimu wa 2007/08, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Sehemu kubwa ya korosho zetu bado huondoka zikiwa ghafi. Basi hamu ya kiwanda ni hamu ya haki kabisa, na asiwepo wa kudhani kwamba tunaandika makala hii ili kuizima.

Tunaloliuliza ni hili: uwezo wa chama kusimamia mradi unaweza kupimwaje kabla ya fedha kutoka? Swali hili lilipata jibu moja zuri katika kazi iliyo mbali sana na kilimo. Katika miaka ya themanini, jeshi la Marekani lilikuwa likiagiza programu za kompyuta ambazo zilichelewa na kupita gharama. Taasisi moja katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, ilipewa kazi ya kutafuta njia ya kumpima mtengenezaji kabla ya kumpa kazi. Bw. Watts Humphrey, aliyekuwa ametumikia kampuni ya IBM kwa miaka mingi, aliongoza kazi hiyo. Wakatunga ngazi ya vidato vitano vya ukomavu. Baadaye ngazi za namna hiyo zikatumika kwa miradi ya kila aina, na mwaka 2003 chama cha wasimamizi wa miradi cha Marekani kikatoa kipimo chake kwa ajili ya mashirika.

Tukikieleza kwa lugha ya ofisi zetu, kidato cha kwanza ni cha chama ambacho mradi wake hufaulu kwa sababu ya mtu fulani. Katibu hodari akihamia mjini, mradi umekufa. Katika kidato cha pili, chama kinaweza kurudia kazi kilichokwisha kuifanya: kimejenga ghala moja, chaweza kujenga la pili kwa kutazama makisio ya lile la kwanza. Kidato cha tatu ni pale utaratibu ulipoandikwa, ukafundishwa, na kila chama cha msingi kikaufuata bila kujali nani ni katibu. Kidato cha nne, kazi hupimwa kwa tarakimu ingali inaendelea, na tarakimu hizo huamua. Cha tano ni cha chama kinachojirekebisha chenyewe kutokana na vipimo hivyo. Wenye kipimo husisitiza kwamba kidato hakirukwi. Hilo ndilo wapenda haraka wasilolipenda.

Nasi tukijitazama katika ngazi hiyo, twaona kwamba chama chaweza kuwa mtu mzima katika kazi moja na mtoto katika nyingine. Katika kukusanya na kuuza korosho ghafi, Chama Kikuu chetu kimefika kidato cha tatu. Uzito, ubora, stakabadhi, mnada, malipo ya mkulima: yote yana utaratibu ulioandikwa, na AMCOS ya mbali hufanya kama AMCOS ya jirani. Tusijisifu sana kwa hilo, kwani sheria ndiyo iliyotulazimisha, na macho ya wengi yako juu ya mnada. Katika ujenzi wa maghala tuko kidato cha pili. Katika kazi ya kiwanda hatuna kidato bado, kwa sababu hatujabangua hata gunia moja kama chama.

Na kiwanda si ghala lenye mashine ndani. Msimu wetu huanza Oktoba na kwisha karibu na Januari, lakini kiwanda chataka kufanya kazi mwaka mzima. Maana yake, katika miezi mitatu au minne chama kinunue korosho za miezi kumi na miwili, kimlipe mkulima upesi kama anavyolipwa na wanunuzi wengine wa mnadani, kisha kikae na mzigo huo ghalani huku riba ya benki ikihesabu siku. Mkulima anayecheleweshewa malipo hujua njia ya kwenda kwa mnunuzi wa kangomba usiku. Yahitajika mtu anayejua unyevu wa korosho, mtu anayejua mafuta ya ganda yanavyounguza mikono ya wabanguaji, mtu anayejua soko la viini vizima na soko la vipande. Hakuna hata mmoja katika hao anayeajiriwa kwa kutangaza nafasi siku ya ufunguzi.

Maoni yetu, basi, ni kwamba Mkutano Mkuu ulikubali shauri la kiwanda kwa mafungu. Fungu la kwanza liwe la msimu mmoja wa kubangua kwa mikono na kwa mashine ndogo katika AMCOS moja, kwa kuwatumia kina mama ambao tayari wanabangua majumbani, nao walipwe ujira halali. Msimu huo uandikiwe daftari lake peke yake: kilo zilizoingia, viini vizima vilivyotoka, vilivyovunjika, fedha iliyolala ghalani na riba yake. Wakati huo huo wahasibu na makatibu wachache wapelekwe Moshi kwa masomo mafupi ya usimamizi wa miradi, nao warudi kwa masharti ya kufundisha wenzao, wasirudi na cheti tu cha kutundika ukutani. Fungu la pili lisifunguliwe mpaka daftari la fungu la kwanza lisomwe mbele ya wanachama, ukurasa kwa ukurasa. Na yaandikwe tangu sasa, katika azimio lenyewe, ni tarakimu zipi zikionekana mradi utasimama.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kupoteza mwaka. Bei ya mashine itapanda, watasema, na majirani watatutangulia. Huenda ikawa kweli. Lakini viwanda kumi na viwili vilijengwa haraka, na korosho zake zilibanguliwa India.

Jambo moja zaidi kuhusu kupima. Sisi makatibu, na hili wanachama wanalijua, tunapenda fomu kuliko tunavyopenda korosho. Fomu ya kujipima ikijazwa na katibu peke yake, akiwa amefunga mlango wa ofisi, kila chama kitajikuta kidato cha tano. Kwa hiyo fomu ambayo Bodi imeitengeneza haiulizi, "Je, mna utaratibu?" Yasema, "Tuonyesheni karatasi ya mradi wenu wa mwisho: makisio, gharama halisi, tarehe iliyokusudiwa na tarehe ya kumalizika." Palipo na karatasi patawekwa alama, pasipo na karatasi patabaki wazi. Itajazwa katika mkutano wa wanachama wa kila AMCOS, itasainiwa na wanachama watatu wasio wajumbe wa bodi, na itarudishwa kwetu wiki mbili kabla ya Mkutano Mkuu, ili majibu ya vyama vyote yabandikwe ukutani mwa ukumbi siku ile ya kupiga kura juu ya kiwanda.